Mama Ndani ya Mabano

Wiki hii kijana mmoja ofisini kwetu ameumwa na jino. Hakutaka kwenda kuling'oa, akaja na kichupa cha mafuta ya karafuu, akawa anachovya pamba na kuibana kwenye taya. Chumba kizima kikanuka. Wenzangu wakafungua madirisha huku wakimcheka. Mimi nilibaki na vidole juu ya kibodi, sioni tena kilichoandikwa mbele yangu. Nilikuwa nimerudi kisiwani Amu, nyumbani kwetu mtaa wa Mkomani, nimelala kwenye kitanda cha kamba, na mama amekaa ukingoni akijipaka mafuta hayo hayo shingoni, taratibu, kama mtu anayempapasa paka aliyelala.

Shingo ya mama ilikuwa na uvimbe. Ulianza mdogo kama tunda la kunazi, ukakua polepole, na sisi watoto tukauzoea kama tulivyozoea pete yake. Mdogo wangu Athmani, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaanza kutamka maneno, alikuwa hapati usingizi mpaka aushike kwa kiganja huku mama akimwimbia. Kwa hiyo baba aliposema kuwa uvimbe huo lazima ukatolewe Mombasa, sikuelewa kwa nini watu wazima wote walinyamaza. Mimi niliona ni kama safari ya kwenda kununua vitambaa vya Idi. Mama alitia nguo chache mkobani, akajifukiza udi, akavaa buibui, akatubusu vipajini, na baba akamshika mkono kushuka ngazi. Harufu ya karafuu ilibaki kwenye mto wake mpaka siku Bibi alipoivua foronya na kuifua. Siku hiyo nilimnunia Bibi kutwa nzima, naye hakujua kosa lake.

Nyinyi mliokua wakati mmoja nami mtaikumbuka miaka ile: simu moja ya vitufe kwa nyumba nzima, umeme unaokatika bila taarifa na kurudi unapojisikia, na kompyuta, kwa wengi wetu, kitu cha kutazama kwa mbali kwenye maduka ya Usita wa Mui, kule barabara ya madukani. Lakini kwetu kompyuta ilikuwemo ndani. Ilikuwa ya Khaloo Saida, dada mdogo wa mama, aliyesomea mambo hayo Mombasa na kurudi Amu kuzitengenezea nyumba za wageni kurasa zao za mtandaoni. Ilikuwa ya kupakata, nzito, nene kama mkate wa sinia, na herufi moja ilikuwa imebanduka, ikabaki kijitundu cha mpira ambacho Khaloo alikibonyeza kwa ncha ya kidole bila hata kutazama. Ikifanya kazi kwa muda, tumbo lake hupata moto kama kikaango.

Mama aliwaachia Bibi na Khaloo watulee. Bibi ndiye aliyewazaa mama na Khaloo, mwanamke mwembamba asiyesema sana, ambaye siku zote alionekana anachagua kitu: mchele, dengu, au maneno. Yeye alimchukua Athmani. Mimi nilikuwa na tabia ya kwenda kukaa darakani, kwenye baraza ya mlangoni, nikihesabu buibui zipitazo nikitumaini moja itasimama. Khaloo aliniona siku ya kwanza, akaniona ya pili, na ya tatu akanishika bega.

"Panda juu," alisema. "Nina mchezo nataka nikuonyeshe."

Chumba chake kilikuwa ghorofani, kirefu na chembamba kama vyumba vyetu vyote, ukuta wa mwisho una zidaka, vishubaka vya ukutani, zilizopangwa mpaka juu, na kwenye zidaka hizo Khaloo alitia waya na vitabu mahali ambapo watu wengine hutia bakuli za kauri. Dirisha lilikuwa moja. Mchana, wakati mji wote umelala na hata punda wamesimama vichochoroni wamefumba macho, mwanga uliingia kwa hapo ukaanguka sakafuni, ukatambaa, ukapanda kitandani, ukatuvuka. Nikikumbuka masomo yale nakumbuka mwanga huo kwanza. Sauti ya Khaloo inakuja baadaye, ya chini, ya mtu asiyetaka kuamsha nyumba.

Alinifundisha hivi. Ukitaka kitu kiishi ndani ya mashine, kwanza waandika kalibu yake, kama kalibu ya sonara: ukishakuwa nayo, wamimina pete upendazo. Na ndani ya kalibu waandika vitendo, yale ambayo kitu hicho chajua kuyafanya.

"Haya, tuandike kalibu ya nini?"

"Ya mama," nilisema.

Alinitazama kidogo, kisha akaandika *Mama*. Akaniuliza mama anajua kufanya nini. Nikamtajia kupika, kucheka, kufunga leso, kuimba. Kila kitendo tulikipa mstari wake. Kwenye kupika mashine ingesema: *tambi na nazi*. Kwenye kucheka ingesema: *hihi, huku amejiziba mdomo*. Kwenye kuimba nilimpa maneno ya wimbo wa Athmani, wa kaa wa ufukweni na *mai*, yaani maji, ambao sijausikia kwa mtu mwingine yeyote: *Kaa kalala, mai yamekupwa, na mwanangu lala.* Khaloo aliandika bila kuinua macho. Nadhani alikuwa analia, lakini mimi niliona ni mwanga tu.

"Sasa tuandike kalibu yako wewe."

Akaandika *Mimi*. Kisha akafungua mabano, akaandika *Mama* ndani yake, akayafunga. Chini yake hakuandika kitendo hata kimoja. Akaniambia nimuamuru huyo *Mimi* aimbe. Nikabonyeza, na kwenye kioo ukatoka wimbo wa mama, mzima, neno kwa neno.

"Nani kamfunza?" niliuliza. "Hatukumuandikia kitu."

"Hakufunzwa," Khaloo alijibu, akinyoosha mgongo, amefurahi kama mwalimu yeyote ambaye mtoto kauliza swali alilolingoja. "Amerithi. Ukimtia Mama kwenye mabano, kila alicho nacho Mama huwa ni chako. Umerithi kila kitu."

Neno hilo nilikuwa nalijua. Nalijua vizuri sana. Kabla ya mwezi wa Ramadhani uliopita, jirani yetu Bwana Shee, mzee wa ukuta wa pili, alifariki. Nilimwona akitolewa juu ya jeneza. Baada ya hapo wakaja wanawe kutoka Malindi na kutoka Arabuni, na kila mtu mtaani akasema wamekuja kurithi. Walikaa na shekhe, wakasoma, wakagawana, na mwisho wakajenga ukuta katikati ya kiwanda, ua wa ndani wa nyumba, pale pale penye mlangilangi tuliokuwa tukiokota maua yake. Kurithi ndiko huko. Mtu huoshwa, huvikwa, huzikwa, ndipo wanawe hurithi. Sijapata kusikia mtu aliyemrithi mtu aliye hai.

Nikatazama kioo. Jina la mama lilikuwa limekaa baina ya vile vijiti viwili vilivyopinda, kama mtu aliyelazwa ubavu ndani ya mwanandani wa kaburi.

Watoto hawasemi jambo kama hilo, kwa sababu wanaamini kulitamka ndiko kulitimiza. Niliuliza kwa sauti niliyoitaka iwe ya kawaida:

"Na kama mtu hataki kurithi?"

"Vipi hataki?"

"Hataki tu."

Khaloo akafikiri ni swali la masomo. "Ah, hilo ni rahisi. Kitendo usichokitaka kwa mamako, wakiandika upya kwako wewe, kwa jina lile lile. Mashine ikitaka uimbe, itatazama kwako kwanza. Ikikuta umeandika wako, haiendi kwa Mama."

"Nikiviandika vyote upya?"

"Ukiviandika vyote upya," alicheka, "basi humrithi mamako kitu, mwana mjeuri wewe."

Hilo ndilo nililotaka kulisikia.

Siku zilizofuata nilipanda chumbani kila alasiri bila kuitwa. Khaloo alimsifia Bibi kuwa nina bidii isiyo ya kawaida. Niliandika kwa kidole kimoja, ulimi nje. Kupika: mahali pa tambi na nazi niliweka *mbaazi*. Kucheka: mahali pa hihi niliweka *hahaha, mdomo wazi*. Kufunga leso: *kwa fundo la kushoto*. Na kuimba, ambako ndiko kulikonikalia moyoni zaidi, niliandika: *Paka kaamka, samaki kaliwa, na Athmani amka.* Nilipomuamuru *Mimi* aimbe, akaimba habari za paka. Nikavuta pumzi. Nilihisi kule Mombasa, kwenye kitanda nisichokijua, mama naye amevuta pumzi.

Lakini mashine haikunitosha. Kama kurithi ni kuwa na cha mama, basi hata mikono yangu ilikuwa hatari. Nikaanza kujirekebisha. Mama hunywa chai kwa kisahani, mimi nikanywa kwa kikombe, ikaniunguza. Mama huvua viatu akaviweka pembeni vikitazama mlango, mimi nikavitupa. Mama huitikia "labeka", mimi nikaitikia "naam" kama mwanamume, Bibi akakunja uso. Nikicheka nilifungua mdomo mpaka taya zikauma. Niliishi siku zile kama mtu anayetembea chumbani gizani, anapapasa kila kitu kabla ya kukanyaga asije akavunja.

Aliyeumia ni Athmani. Usiku na mchana alimtaka mama, na kwa kuwa mama hayupo alimtaka mtu wa kumwimbia. Bibi hakuwa mwimbaji. Alimpakata, akamtikisa, akamsomea, lakini mtoto alikuwa akinitazama mimi, kwa sababu sauti yangu, watu wote walisema, ni ya mama mtupu.

"Mwimbie, mwanangu," Bibi aliniambia mchana mmoja. "Kijana hana ndaa, ameshiba, hana homa. Ataka wimbo tu."

Nikaimba: "Paka kaamka, samaki kaliwa."

Athmani alinyamaza, akanisikiliza kwa makini, macho yake yakinitafuta usoni. Kisha uso wote ukakunjika, akalia kwa uchungu wa mtu aliyedanganywa.

"Si huo," Bibi alisema. "Ule wa mamako."

"Siujui."

"Huujui? Mbona wauimba kila siku?"

"Siujui, Bibi!" Nikakimbilia ngazini, nikakaa pale kwenye kiza cha baridi, viganja masikioni, nikimsikia Athmani akilia kwa mbali kama mtoto wa nyumba nyingine. Nilimpenda sana. Lakini niliona wazi kwamba nikimpa wimbo ule, nimemzika mama.

Baadaye Bibi alileta chetezo akanifukiza, akasoma akinipulizia kichwani, akamwambia Khaloo kuwa mtoto ameingiwa na ito la watu, jicho la husuda. Khaloo alisema ni majonzi tu, yatapita. Ili kunichangamsha akaniomba nimwonyeshe kazi yangu. Nikampandisha, nikamfungulia. Alisoma kuanzia juu mpaka chini, akapiga kofi la furaha.

"Mashallah! Umeandika juu ya kila cha mamako, hukumwachia hata kimoja!"

Alikusudia kunisifu. Lakini mimi nilisikia neno *juu*. Chuoni kwetu, madrasani, tulikuwa na ubao mmoja, na maalim alikuwa hawezi kuandika sura ya leo mpaka afute ya jana. Akiandika juu yake bila kufuta, maandishi ya jana hupotea vile vile chini ya chaki mpya. Kuandika juu ya kitu ni kukifuta. Nilisimama nyuma ya Khaloo nikiwa nimeishikilia nguzo ya kitanda, na wazo likanipanda polepole kutoka miguuni: nilipokuwa nikiandika juu ya vitendo vya mama, nilikuwa nikimfuta.

Jioni ile baba alipiga simu. Ilikuwa baada ya sala ya alasiri, Bibi bado yuko kwenye msala. Khaloo aliongea kwanza, "ndiyo", "alhamdulillahi", "lini?", kisha akanipa mimi.

"Mamako kapasuliwa, yu salama," sauti ya baba ilisema. Ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Nakupa uongee naye. Lakini yeye hawezi kusema. Sauti haijatoka. Mwambie wewe, atakusikia."

Nikasikia simu ikisogezwa. Kisha pumzi. Pumzi ndefu, ya karibu sana, na ndani yake kitu kama mlango wa mbao unaovutwa pole pole. Hapakuwa na neno.

Nilimrudishia Khaloo simu. Nikapanda ngazi. Sikukimbia, nakumbuka hivyo, nilipanda kama mtu aliyetumwa. Nilijua la kufanya: nifute wimbo wa paka, nifute mbaazi, nifute kila mstari wangu, na mama arudishiwe sauti yake. Halafu nirithi? Nikirithi, je? Kila upande niliogeukia palikuwa na mama, na kila upande nilikuwa namuua. Nikafungua kompyuta. Haikuwaka. Umeme ulikuwa umekatika tangu alasiri na betri ile ya zamani haikuweza hata kujivuta.

Nilikaa na kitu kile kizito mapajani, kimya, kiko baridi. Mwanga wa dirishani ulikuwa umekwisha kupanda ukutani na kuwa mwekundu. Kioo cheusi kilinionyesha uso wangu. Nilikuwa sijapata kuutazama hivyo, bila kuchana nywele, bila sababu. Kipaji kilikuwa cha mama. Nyusi zilizokaribia kukutana, za mama. Na nilipofungua mdomo kulia, niliona mkono wangu wenyewe ukija kuuziba, kama afanyavyo yeye, nami sikuuamuru. Sijui nilikaa muda gani nikimtazama mtu yule kiooni. Kwa kitambo nilisahau kama ni mimi au ni yeye. Niliona tu kwamba yupo, na kwamba hasemi.

Khaloo alinikuta hivyo. Aliketi sakafuni, mgongo ukutani, hakunigusa.

"Nimemfuta," nilisema.

"Umemfuta nani?"

Nikamwambia yote. Yalitoka ovyo, mlangilangi wa Bwana Shee, mwanandani, ubao wa chuoni, Athmani. Nilingoja acheke, kwa sababu Khaloo ni mtu wa kucheka. Hakucheka. Alitoa mtandio wake akanifuta uso, akajifuta na yeye kwa upande wa pili.

"Tungoje umeme," alisema. "Hili si la kuambiwa. Utaliona kwa macho yako."

Tulingoja. Alinipakata, mkubwa kama nilivyokuwa. Kule chini adhana ya magharibi ilipita, Bibi akasali, harufu ya samaki wa kukaanga ikapanda. Umeme ukarudi kama kawaida yake, bila kuomba radhi, feni ikaanza kulia juu yetu. Khaloo akaiwasha mashine, akasubiri, akaandika mstari mmoja chini kabisa, wa kumuamuru *Mama* aimbe. Si *Mimi*, bali *Mama* mwenyewe.

"Bonyeza."

"Sitaki."

"Bonyeza, mwanangu. Mimi siwezi kukubonyezea."

Nilifumba macho nikabonyeza. Nilipofumbua, ulikuwa pale. *Kaa kalala, mai yamekupwa, na mwanangu lala.* Haukupungua hata nukta.

"Lakini nimeandika juu yake."

"Umeandika wako, kwako. Wake uko kwake. Mashine ikiuliza kwako yapata paka, ikiuliza kwake yapata kaa. Hukumgusa. Huwezi kumgusa ukiwa huku chini." Akaandika kalibu nyingine, *Athmani*, na mabano, na *Mama* ndani yake. Akamuamuru aimbe. Ukatoka wimbo wa kaa. "Waona? Nduguyo hana habari na paka wako. Yeye bado ana wa mamake."

Nilisogea mbele. Nikabonyeza tena. Na tena.

"Na hapa hakuna maiti," Khaloo aliendelea, akigusa kioo kwa ukucha. "Nililitumia neno vibaya. Kwenye mashine mtoto hurithi mzazi akiwa mzima. Tena lazima awe mzima, kwa sababu mtoto humwendea kila mara. Ukimtoa mama, wewe ndiye utakayeanguka." Kisha akanionyesha la mwisho. Ndani ya wimbo wangu, juu ya mstari wa paka, aliongeza mstari mfupi wa kumwita aliye juu. "Hivi, wamwacha mamako aimbe kwanza, halafu wasema lako." Nikabonyeza, na kwenye kioo wakafuatana, kaa kisha paka, mmoja chini ya mwingine.

Kisha nikauliza lile lililobaki.

"Sasa mbona hasemi?"

Khaloo angeweza kunidanganya. Wakati ule watu wazima wote walitudanganya, kwa mapenzi. Aliifunga mashine nusu.

"Daktari amekata karibu sana na mahali pa sauti. Huenda ikarudi. Huenda isirudi kama ilivyokuwa. Hatujui. Lakini si wewe. Si kitu ulichoandika, wala ulichonywea chai."

Watu hudhani mtoto akiondolewa lawama hufurahi. Mimi nililia zaidi kuliko mwanzo. Kwani maadamu kosa lilikuwa langu, dawa nayo ilikuwa yangu: ningefuta mistari, mama angesema. Sasa hapakuwa na mstari wa kufuta. Palikuwa na daktari nisiyemjua na shingo ya mama, mbali, na mimi sina la kufanya ila kuteremka nikale samaki. Nikateremka. Nikamwimbia Athmani wimbo wa kaa tangu mwanzo mpaka mwisho, naye akanishika shingo, akatafuta uvimbe, hakuuona, akalala hivyo hivyo.

Mama alirudi wakati wa kaskazi, mji umejaa vumbi la joto. Alikuwa amekonda. Shingoni palikuwa na mstari mwembamba kama uzi wa dhahabu ulioachwa na mkufu. Majirani walijaa ndani, wakamtolea udi, wakamuombea dua, naye akawaitikia wote kwa kichwa na kwa mikono. Walipoondoka ndipo aliponiita, na nilisikia ile sauti mpya kwa mara ya kwanza: mnong'ono mkavu, wa majani ya mnazi yakiburutwa sakafuni. Athmani aliposikia alijificha nyuma ya Bibi. Mama hakumlazimisha. Aligeukia dirisha.

Khaloo alikuwa ameshamweleza mama habari ya mistari yangu. Siku iliyofuata, mchana, mama alipanda chumbani, akaketi kitandani kwenye ule mwanga, akaniomba nimwonyeshe. Bibi alikuja nyuma na ungo wake wa mchele, na Athmani amening'inia kwenye leso yake. Nikafungua. Mama alisoma polepole, midomo ikitikisika. Alipofika kwenye *hihi, huku amejiziba mdomo*, aliuziba mdomo, mabega yakatikisika. Alipofika kwenye kuimba aliacha kusoma.

"Hapa," alinong'ona, "badilisha. Mimi siwezi tena hili."

"Sitaki," nilisema.

"Ukibadili hapo juu, dada," Khaloo alisema kwa upole, "wabadilisha na cha Athmani. Yeye hana wake, atumia wako."

Mama alifikiri. "Basi liwache," akasema. Kisha kidole chake kikaenda juu kabisa, mahali jina lake lilipoandikwa peke yake. "Mimi mbona sina mabano? Mimi sikuzaliwa?"

Tukacheka. Khaloo akasogea, akaandika *Bibi* juu ya wote, akamtia kwenye mabano ya mama, akamgeukia mzee na kumuuliza atiwe vitendo gani. Bibi alitaja kupika. Alitaja kusali. Alitaja kuchagua mtele, akionyesha ungo.

"Na kuimba?" niliuliza. "Mama alirithi kwako?"

Mkono wa Bibi ulisimama juu ya mchele.

"La. Huko hana alichorithi. Mama yangu alifariki mimi ni mdogo kuliko huyu Athmani, sikuimbiwa, na nilipozaa sikujua mtu huanza vipi. Mamako alijianzia mwenyewe, ulipozaliwa wewe." Alitoa kijiwe, akakitupa. "Nami nalikuwa nikikaa nde ya mlango kila usiku, nikimsikiza. Hajui."

Mama aligeuka akamtazama. Alifungua mdomo, ukatoka ule mkwaruzo, akaacha.

Athmani, aliyechoka na mazungumzo ya watu wazima, alianza kulia ule mlio wake wa usingizi. Mimi nilikwisha kunyoosha mikono. Lakini Bibi aliweka ungo chini, akampakata, akakohoa kidogo kama mtu anayebisha hodi nyumba ya kigeni, akaimba. Sauti yake ilikuwa nyembamba, imekosa njia, inapanda pasipopanda.

"Kaa kalala," aliimba, "mai yamejaa..."

Mama akatikisa kidole. Akaugusa mkono wa mamake, akaushusha chini, taratibu, kama maji yanayorudi nyuma.

"Yamekupwa," Bibi alisema. "Ndiyo. Yamekupwa." Akajisogeza, akampangusa Athmani pua, akaanza tena.